Watoto Watano

Kaka Eliangiringa yuko Arusha, Njiro.
Mimi niko Moshi, kwenye steshenari ya Aikande, kule Kiusa,
na wasifu wa mama uko kati yetu,
si kwake, si kwangu,
kama Kibo asubuhi ya Aprili:
huuoni, lakini upo.

Mimi nachapa, yeye anasahihisha.
Jina lake linaning'inia juu ya kishale chekundu,
kinasogea, kinasimama, kinasogea,
kama mtu anayepita nje ya mlango
bila kupiga hodi.

Nimeandika: Alizaliwa Mbokomu, mwaka wa njaa.
Nimeandika: Aliimba sauti ya pili kwaya ya usharika
miaka thelathini na mmoja, akaacha meno yalipomwisha.
Nimeandika: Ameacha watoto watano, wajukuu kumi na saba.

Hapo kishale kikaganda.
Kisha kikatambaa kushoto kwenda kulia,
polepole, kama kidole cha mtoto wa darasa la kwanza,
na kila kilipopita herufi zikageuka njano:
watoto
watano.

Hakuandika neno pembeni. Hakupiga simu.
Njano tu,
njano ya dumu la mafuta ya kula.

"Dada, hilo ni kosa la tahajia?"
Aikande ameegemea printa, anakula karanga.
"Hapana," nikamwambia. "Ni la hesabu."

Kila Januari mama alipanda basi la Arusha
na gauni moja jipya kwenye mfuko wa rambo.
Halikumtosha yeyote kati yetu.
La mtoto wa kanisa, tuliambiwa.
Mwaka uliofuata gauni lilikuwa refu zaidi,
mwaka mwingine lilikuwa na vishono vya kifuani.
Tulikua na gauni lile, sisi watano,
hatukuwahi kuona mwili wake.

Nikaichagua njano, nikabofya: bila rangi.
Ikatoka.
Ikarudi.
Nikaitoa.
Ikarudi,
kama ndugu wawili chumba kimoja,
huyu anazima taa, yule anaiwasha,
na hakuna anayesema "Lala."

Saa nne kasoro dada Ndeshukurwa akaingia kutoka Same.
Kishale chake kijani.
Sikumjua kwa maneno mengi, hata utotoni.
Hakugusa watoto, hakugusa watano.
Alirudi nyuma neno moja,
akalipaka kijani chote:
Ameacha.

Nililitazama mpaka likaacha kuwa Kiswahili.
Ameacha, husemwa kwa kila maiti,
kama vile kusema amefika, amepumzika.
Nani aliwahi kuuliza
ameacha vipi,
ameacha nani,
alimwacha wapi, na nguo gani mwilini?

Aikande akatazama saa. "Dada, nafunga.
Ngapi?"
"Mia mbili."
"Na hizo rangi?"

Ningeweza kuzifuta. Nasema kweli, kidole kilikuwa pale.

Printa ya Aikande haijui njano wala kijani.
Inajua wino mmoja tu, nao ulikuwa unaelekea kuisha.
Karatasi zikatoka za moto, moja moja,
na katikati ya kila moja maneno matatu
yamelalia majivu.

Kesho yake kanisani nilisema ni uzembe wa printa.
Wajomba wakaitikia. Shangazi akanitazama.
Mchungaji alisoma vizuri, Mbokomu, njaa, kwaya,
akafika pale, akapunguza mwendo
kama dereva aliyeona tuta limechelewa kuonekana,
akavuka.

Benchi la mwisho, karibu na wapiga tarumbeta,
mwanamke wa makamo, kimo cha mama, mabega ya mama,
hakumsikiliza mchungaji.
Kidole chake kilikuwa kwenye karatasi,
kinatambaa kushoto kwenda kulia.
Kilipofika kwenye majivu kikakaa.

Nilipita kukusanya sadaka.
Akaniangalia.
Akaniomba kalamu.

Nilimpa.
Sikuuliza ya nini.